Faili Zima

Fundi alikuwa mwoga. Naanza na hilo kwa makusudi, maana watu wa Buzuruga, hapa Mwanza, ukiwauliza habari zake wataanza na mengine: miwani yake iliyoshikizwa kwa uzi wa kushonea viatu, kikombe chake cha chai ambacho hakikuwahi kuonekana kitupu, au jinsi alivyokuwa akimfukuza dukani mtu yeyote aliyeingia na soda mkononi. Yote ni kweli. Ila mimi nilimfahamu kwa woga wake, nikampenda kwa huo huo, kwa sababu na mimi ni mwoga tangu utoto, na waoga hutambuana haraka.

Chumba chake cha kutengenezea kompyuta kilikuwa nyuma ya stendi ya mabasi, kimepakana na steshenari yangu ninapochapa barua na kutoa fotokopi. Ukuta wa kati ulikuwa wa mbao, kwa hiyo miaka yote ile nilimsikia kabla ya kumwona. Nilimsikia akikohoa, akinong'ona na mashine, akiwaambia wateja "subili, subili kwanza". Alikuwa Msukuma wa Sengerema, na herufi r ilikuwa imemhama kinywani. Plogalamu. Habali. Kalibu. Tulimtania sana kwa hilo naye hakujali, alijibu tu kwamba r ni herufi ya watu wenye haraka.

Nimetaka kumwandika tangu siku aliyokuja nyumbani kwangu kuitoa sauti ya mama yangu ndani ya kompyuta iliyokataa kuzimika. Nitaifikia siku hiyo, lakini kwanza niseme nilikuwa naogopa nini. Mama alipata kiharusi akapoteza usemi. Neno la mwisho alilolitamka nililisikia mimi peke yangu, na lilinitisha kiasi kwamba sikumwambia mtu. Sikuwa na hakika kama nililisikia vizuri. Neno lenyewe lilikuwa limebaki ndani ya mashine, kwenye programu iliyoganda. Programu ikifa, linakwenda nayo.

Sasa turudi kwa Fundi.

Woga wake haukuwa wa kila kitu. Siku moja nyoka alitambaa kutoka kwenye mtaro wa stendi akaingia dukani kwake, na sisi wote tukawa juu ya meza na viti, kondakta mmoja mwenye misuli akipiga kelele kuliko mtu yeyote. Fundi aliweka kikombe chini, akachukua ndoo na fagio, akamtia nyoka ndani ya ndoo, akatoka naye. Aliporudi alimalizia chai yake. Walisema pia kwamba akienda kwao huoga ziwani pale ambapo wenzake wameshaacha kwa ajili ya mamba. Niliwahi kumuuliza, akasema mamba anajulikana anachotaka.

Lakini mtu huyo huyo, kikitokea kisanduku kidogo kwenye skrini kikisema kwamba programu haijibu, alikuwa anaingiza mikono yake chini ya mapaja na kuikalia. Kweli kabisa, anaikalia. Alisema mikono ina kiherehere, na mtu akiogopa mikono ndiyo hukimbia kwanza. Angekaa hivyo akiitazama skrini, midomo ikicheza, mpaka mapigo ya moyo yatulie. Mteja pembeni anazidi kukunja uso.

Mafundi wengine wa pale stendi, vijana wa juu kidogo karibu na maduka ya simu, walikuwa na dawa moja tu: unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine inakata roho. Haichukui muda na mteja anaondoka anacheka. Fundi hakuifanya hiyo dawa hata mara moja.

Nakumbuka mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani, mtu mkubwa wa sauti, alikuja na kompyuta ndogo ya kubeba chini ya kwapa. Ilikuwa imemkatalia. Kila akitaka kuizima ilimwambia kuna programu inazuia.

"Wewe bonyeza tu hapo ife," akasema. "Nina kikao."

"Mimi siui," nikamsikia Fundi nyuma ya mbao.

"Si mtu hiyo, Fundi. Ni programu."

"Mwalimu, mtoto akinyoosha kidole dalasani na wewe unataka kutoka, unamfungia mlango?"

"Namuuliza anataka nini."

"Basi tumuulize na huyu."

Akaanza kuvihamisha vidirisha kimoja kimoja, vile vinavyolaliana kwenye skrini, mpaka chini ya vyote akakikuta kisanduku kidogo kimekaa kimya kikisubiri. Kilikuwa kinauliza kama mwenyewe anataka kuhifadhi alama za wanafunzi alizoziandika. Hicho ndicho kilichokuwa kinazuia. Fundi akamwambia maneno ambayo nimeyasikia kupitia ukuta ule mara nyingi kuliko ninavyosikia jina langu: "Haijakataa. Inauliza, na hakuna anayejibu."

Nisimpambe, lakini. Woga wake ulimpotezea wateja wengi, na mara nyingine ulikuwa ni upuuzi mtupu. Aliwahi kushinda kutwa akiibembeleza mashine ya kijana mmoja, na kilichokuwa kinaulizwa ni kama mchezo wa karata uendelee au uishie hapo. Na kuna siku nilisikia harufu ya kuungua, nikatoka mbio, nikamkuta amekaa mbele ya mashine inayofuka moshi, mikono chini ya mapaja, anasoma kisanduku. Mimi ndiye niliyechomoa waya ukutani. Alinitazama kwa huzuni sana, kana kwamba nimemkatiza mgonjwa usemi. Nilimfokea, nikamwambia iko siku atatuchomea mtaa, naye akaitikia kwamba inawezekana.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo nadhani ni mimi peke yangu niliyeligundua, kwa sababu kazi yangu ni maneno ya watu. Fundi hakutamka neno "zima". Hakulitamka kwa maana yoyote. Wengine tunazima taa, yeye alilaza taa. Alilaza redio, alilaza simu kanisani, na mwisho wa kazi alizilaza kompyuta zake zote. Wengine tunasema siku nzima, yeye alisema siku yote. Asubuhi makondakta walikuwa wakipita wanamsalimu, "Mzima, Fundi?" naye anawajibu "Mwangaluka" kwa Kisukuma, hata kwa Mjaluo, hata kwa Mhaya kama mimi. Wengine walidhani ni ukabila. Nilimuuliza siku moja tukinywa chai. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani, akasema, "Neno baya hilo, mama," akarudi upande wake wa ukuta.

Na mkewe hakuingia dukani. Alikuwa akileta chakula mchana kwenye hotipoti, anakaa kwenye benchi la nje. Mvua ikinyesha alisimama kwenye kizingiti, kanga kichwani, hata mguu mmoja haujawahi kuvuka. Mwanzoni nilidhani wamegombana. Lakini ungewaona pale kwenye benchi, yeye akimchambulia mumewe sato na kumwekea minofu upande wake wa sahani kwa sababu macho ya Fundi yameanza kufifia, usingesema ni watu waliogombana. Nilimkaribisha kwangu nikamwekea kiti, akakitazama, kisha akaitazama kompyuta yangu juu ya meza, akasema anashukuru, yuko vizuri pale pale.

Macho yalipozidi kuwa mabaya Fundi alifunga duka. Walirudi Sengerema kulima. Siku ya kuondoka alipita kuniaga, akakaa kidogo, akaitazama mashine yangu ya kuchapia kama mtu anayeacha ng'ombe wake kwa jirani.

"Isije siku ukaishikilia kile kitufe," akasema. "Hata ukiogopa. Hasa ukiogopa."

Nikamwahidi. Baada ya hapo tukawa tunapigiana simu sikukuu kwa sikukuu tu.

Mama yangu alikuwa akiishi na mimi tangu baba alipofariki Bukoba. Alikuwa mwanamke wa maneno, anayeweza kusimulia safari moja ya sokoni mpaka maharage yakaiva. Nilikuwa na kompyuta ya mezani sebuleni, ile niliyoirudisha nyumbani baada ya kununua nyingine ya dukani, na alasiri moja nikafungua programu ya kurekodi sauti, nikachomeka kipaza sauti, nikamwambia anisimulie alivyokuja Mwanza mara ya kwanza kwa meli, akiwa bibi harusi mwenye kichefuchefu. Alisimulia kwa raha. Katikati akanusa hewa, akasema, "Wewe, ndizi zinaungua." Nilikimbilia jikoni. Ndizi zilikuwa zimeshika sufuria, jirani akaingia kuomba chumvi, tukaongea, jioni ikafika. Skrini ilikuwa imejizimia yenyewe kama kawaida yake, nami sikukumbuka tena kwamba nyuma ya weusi ule programu ilikuwa inaendelea kusikiliza.

Alfajiri nilisikia kishindo. Nilitoka chumbani gizani nikikimbia, nikajigonga goti kwenye kona ya meza ile ya kompyuta, nikaanguka, nikapiga yowe. Mama alikuwa sakafuni kando yangu. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea. Alinitazama akasema neno moja, zito, kama mtu mwenye chakula kinywani. Nilichosikia ni "zima".

Hakuna taa iliyokuwa imewaka. Jiko lilikuwa limepoa tangu jana. Hakukuwa na kitu cha kuzima mle ndani isipokuwa yeye mwenyewe.

Nilimpeleka hospitali. Walimtundikia dripu, wakamwingizia mpira wa chakula puani, wakamgeuza huku na huku. Alikuwa hasemi, ananitazama tu, na mimi nilishindwa kuyatazama macho yake. Niliwaza kwamba ameniomba jambo nami nimemnyima. Kwamba alijua mwili wake umemwisha, akamwambia mwanawe amwache azimike, na mwanawe akaita bajaji. Usiku na mchana niliwaza hilo moja. Nikimpangusa mate naliwaza, nikiongea na daktari naliwaza, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwa sababu ukishalisema jambo kama hilo huwezi kulirudisha.

Siku niliyorudi nyumbani kuchukua nguo za kumbadilisha, kabla hajaruhusiwa, niliona kitaa kidogo cha kompyuta kinawaka. Nikagusa kipanya. Skrini ikaamka, na programu ya kurekodi ikawa imejaa pale, imepauka, imeganda. Nikajaribu kuifunga, ikagoma. Nikajaribu kuizima mashine, ikaniambia kuna programu inazuia, nichague kulazimisha au kughairi. Hapo ndipo nilipoelewa. Ilikuwa imerekodi alasiri, na jioni, na usiku kucha, na alfajiri. Neno lilikuwemo. Umeme wa mtaani kwetu, unaokatika hata bila mawingu, kwa zile siku chache ulikuwa umekatika kidogo kidogo tu, na kisanduku cha betri kilichoko chini ya meza kikaweza kuibeba.

Nilighairi. Nikakaa chini sakafuni.

Nilimpigia simu mmoja wa wale vijana wa stendi. "Dada, shikilia kitufe, itazima yenyewe, hiyo fresh tu," akasema. Nikakata simu kabla hajamaliza.

Mama alirudishwa nyumbani, nikamkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha, mashine ikiunguruma mbele yake. Jioni hiyo hiyo likapita gari la matangazo, spika juu, likitangaza kwamba kesho umeme utakatika mtaa wetu kuanzia asubuhi hadi jioni kwa ajili ya kubadilisha nguzo. Betri ile haiwezi hata kuchemshia chai, sembuse kushinda kutwa. Nikampigia Fundi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Iko macho bado?" akauliza.

"Iko macho."

"Usiguse kitu. Nakuja na kivuko cha kwanza."

Asubuhi ile nilisimama mlangoni nikiangalia barabara na kurudi ndani kuangalia kitaa, mlangoni, ndani, mpaka mama akaanza kunifuata kwa macho. Nilisikia magari ya watu wa umeme yakipita upande wa juu. Halafu nikamwona anakuja, amekonda, fimbo mkononi, mfuko wa nailoni kifuani kauweka kama mtoto.

"Shikamoo, Fundi."

"Malahaba, mama. Iko wapi?"

Alimsalimu mama kwanza, akamshika mkono wake wa kushoto ulio hai, akamwambia pole kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Kisha akavuta kiti, akasogeza uso karibu kabisa na skrini kwa sababu ya macho, akaikalia mikono yake. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia hakuna muda wa kukalia mikono leo. Alikaa vile vile, midomo ikicheza.

"Haijakataa," akasema mwishowe.

"Inauliza," nikasema.

"Basi tutafute swali."

Aliitoa mikono, akaanza kuvihamisha vidirisha. Hapakuwa na kitu chini yao. Akajaribu tena, akaminya vitufe viwili kwa pamoja, akaguna. Akaniambia nimsomee kila kilichoandikwa maana yeye haoni maandishi madogo. Kwenye ukingo kabisa wa skrini, chini, kulikuwa na kipande cha kisanduku kimetokeza kidogo sana, kingine chote kimezama nje. Mimi nilikuwa nimekitazama siku zote hizo nisikione. Akakivuta ndani kwa vitufe vya mishale, polepole. Nikasoma: nafasi kwenye diski imejaa, sauti hii ihifadhiwe wapi?

Akachomoa flashi kwenye ule mfuko wa nailoni, ilikuwa imefungwa kwa kitambaa. Akaichomeka. Tukajibu swali.

Mstari wa kijani ukaanza kutembea. Ulitembea, ukasimama, ukatembea. Ulikuwa haujafika mbali feni ya jirani iliponyamaza na friji yetu ikatikisika ikatulia. Umeme ulikuwa umekwenda. Chini ya meza kile kisanduku kikaanza kulia, pii, kimya, pii. Fundi alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, sijui alikuwa ananizuia mimi au anajizuia mwenyewe. Mlio ukaanza kuharakisha. Nilimtazama mama, naye alikuwa anautazama ule mstari. Ukafika mwisho. Programu ikajifunga yenyewe bila neno, na Fundi akailaza mashine mara moja, nayo ikakubali, na kisanduku kikalia mlio mmoja mrefu kikanyamaza.

"Limeingia?" nikauliza.

"Sijui," akasema. Kijasho kilikuwa kinamtiririka. "Mwisho wake ndiyo sijui. Faili likikatika mwishoni hulioni kwa macho, mpaka ulisikilize lote. Na siwezi kuichomeka kwenye simu yako, ikileta tabu hatuna ya pili. Tusubili umeme."

Tukasubiri. Sijawahi kuishi siku ndefu kama ile. Nilimlisha mama uji, nikampa Fundi chai, nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Flashi ilikuwa juu ya meza kwenye kitambaa chake na hakuna aliyeigusa. Mchana ulipokuwa umetulia, mama amesinzia, nikamwambia. Nilimwambia neno nililolisikia, na nilichodhani mama aliniomba. Ni yeye wa kwanza kuambiwa.

Hakunipa pole. Alianza kusimulia, macho yake mabovu yakiangalia dirishani.

Zamani, kabla sijapanga pale jirani yake, mama mmoja alimletea kompyuta. Mtoto wake alikuwa amefariki na picha zake zote zilikuwa humo, hakuna pengine. Mashine ilikuwa mbovu, Fundi akaihangaikia mpaka picha zikaanza kunakiliwa kwenda mahali salama, faili moja kubwa. Akaitwa kwa mteja mwingine. Mkewe alikuwa amekuja na chakula, akamwomba akae aitazame. Baadaye Fundi akampigia mkewe simu, ana haraka, barabarani kuna kelele.

"Nikamuuliza," akasema, akasita. Akashindwa kuendelea.

Nikalisema mimi. "Faili zima?"

Alitikisa kichwa kukubali, hakunitazama.

"Akasema haya. Akachomoa ukutani, kama nilivyomwambia." Alizungusha kikombe chake. "Ningesema faili ni hivyo, angejua naulizia. Ile *ni* niliiluka. Halaka tu."

"Na yule mama?"

"Alisema asanteni. Alimshika mke wangu mkono akamwambia asante kwa kujalibu. Afadhali angetutukana." Akaweka kikombe chini. "Sijamlaumu mke wangu hata siku moja. Na yeye hajanilaumu. Kwa hiyo hatujawahi kulizungumza."

Nilimwona yule mwanamke amesimama kwenye kizingiti na hotipoti yake, mvua inamnyeshea, na nikaelewa kiti changu alivyokitazama. Nikamwongezea chai.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea ziwani friji ilipotikisika tena. Wote wawili tulisimama kwa pamoja. Fundi akaiwasha mashine, akasubiri mpaka itulie kabisa, akachomeka flashi, akavaa hedifoni. Hakunipa mimi. Alisema mtu wa kwanza kusikiliza awe ni asiyehusika.

Alisikiliza mwanzo, akatabasamu kidogo, nadhani ni pale kwenye kichefuchefu cha meli. Akaruka mbele, akasikiliza, akaruka. Kisha akaacha kuruka. Nilimwona mabega yanapanda. Alifumba macho na akabaki vile, mikono imerudi chini ya mapaja, na mimi nikajua kwamba yuko kwenye alfajiri ile ndani ya nyumba yangu. Nilishikilia mgongo wa kiti cha mama.

Akavua hedifoni.

"Faili ni zima," akasema.

Neno hilo kinywani kwake lilinishtua kama sauti ya mtu mwingine. Ile *ni* aliivuta, aliikalia kabisa, ili hata kiziwi asikosee.

"Nikifika kwangu nitamwambia mke wangu hivyo hivyo," akaongeza. Kisha akanisogezea hedifoni lakini hakuziachia. "Humu kuna kishindo, mama. Kuna wewe unalia. Naweza kukata kuanzia kwenye ndizi, ubaki na ile hadithi yake ya meli tu. Unataka lote, au nikate?"

Niliogopa. Niliogopa kuliko siku yenyewe, maana siku yenyewe sikuwa najua. Nilimtazama mama, alikuwa macho, ananitazama kama alivyonitazama hospitali.

"Lote," nikasema.

Nilisikia ukimya wa nyumba yetu usiku, jogoo wa jirani, miguu ya mama ikiburuta kanda mbili. Kishindo. Mlango wangu. Miguu yangu inakuja mbio, halafu meza inagongwa na yowe langu mwenyewe, baya sana. Nilikumbuka goti. Siku zote zile nilikuwa nimelisahau goti. Na chini ya kilio changu, karibu kabisa na kipaza sauti kilichoangukia sakafuni pamoja nasi, kulikuwa na sauti ya mama ambayo siku ile sikuisikia kabisa, kwa sababu nilikuwa nalia.

"Umeumia?"

Nami sikujibu. Nilisikia nisivyojibu. Halafu akavuta pumzi, akaikutanisha midomo yake iliyokuwa imeshaanza kumkatalia, na ile *m* ikachukua muda mrefu kutoka, lakini ilitoka.

"Mzima?"

Nilivua hedifoni. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, na goti likaniuma pale pale kwenye kidonda. Alikuwa amenisubiri muda wote ule, na mimi nilikuwa nayakwepa macho yake.

"Mimi mzima, mama," nikamwambia. "Nilijigonga kidogo tu. Mimi mzima."

Mkono wake wa kushoto ulishuka taratibu ukalitafuta goti langu, ukalipata, ukakaa juu yake. Nililia kwa sauti, sikujali kwamba kuna mgeni.

Fundi alikuwa ametugeuzia mgongo. Alikuwa anakunja waya wa hedifoni, akaukunjua, akaukunja tena. Kivuko cha mwisho kwenda Kamanga, upande wa kwao, hakikuwa mbali na alitakiwa kuondoka. Mwishowe akasema bila kugeuka, "Mama, nizime?"

"Zima, Fundi."

Aliikalia mikono kwanza, kisha akaitoa. Akabonyeza, na mashine haikuuliza kitu.